Tangi la Nyuzi za Kioo la Yaeda Chini

Vijana wa karakana, mmeshinda. Mlianza kunisumbua siku ile ya kuniaga, pilau ikiwa bado mdomoni, mkaendelea kwa simu kila Jumapili nikitoka kanisani: "Mama Paska, andika. Andika habari za faiba, andika za mashamba ya ngano." Basi nimekaa kibarazani kwangu hapa Tumati, nimevaa miwani, naandika. Ng'ombe wa jirani wanapita wakinitazama kama mtu asiye na kazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hawajakosea.

Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe. Hata miaka niliyofundisha nanyi chuoni baada ya mashamba kufungwa nitaiacha, kwa sababu mlikuwepo. Nitaandika ya mwanzo, enzi za mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, wakati faiba ilikuwa kitu kigeni kiasi kwamba mtu akisema nyuzi za kioo alionekana mlevi.

Nilifika mashambani upande wa Basotu nikiwa msichana niliyemaliza darasa la saba na kulima na mama misimu kadhaa. Lori lilitupakia Mbulu mjini, tukateremka tumejaa vumbi hadi kwenye kope. Nilipoinua macho nikaona ngano. Kwetu Tumati ukisimama upande mmoja wa shamba unamwita mtu wa upande wa pili aje kula, naye anasikia. Pale hapakuwa na upande wa pili. Ngano ililala na kuinuka na upepo hadi chini ya mlima, na kombaini za kuvuna zikipita mbali zilionekana kama mende. Niseme pia, kwa haki, kwamba ardhi ile ilikuwa malisho ya Wadatoga kabla haijawa ngano, na wengi wao walikuwa na uchungu nayo. Sisi vibarua tulijua, ingawa hakuna aliyetuuliza.

Niliajiriwa kushona magunia yaliyotoboka. Tulikuwa kundi la wanawake, tumekaa chini kwenye banda kubwa, kila mmoja na sindano yake ndefu. Kiongozi wetu alikuwa Mama Yakobo, mwanamke mnene wa Mbulu mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kweli aliongoza kwaya. Tulishona tukiimba. Gunia lililoshonwa bila wimbo, Mama Yakobo alikuwa akisema, linavuja.

Karakana ilikuwa jirani na banda letu. Siku moja akatoka huko mzee mwembamba aliyevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kofia ya kufuma juu ya kofia ya kazi. Huyo ndiye Fundi Rajabu. Alitoka Tanga, ambako alikuwa amefanya kazi ya kutengeneza matangi ya faiba, na tangu ahamishiwe Hanang hakuwahi kupata joto. Alisimama mlangoni akatutazama mikono, si sura.

"Nani hapa anakata kitambaa bila kuharibu?" akauliza.

Mama Yakobo akanielekeza kwa kidevu. "Huyu Paska, mtoto wa Tumati. Mkono wake ni mzuri. Mdomo bado."

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Marahaba, binti. Njoo."

Akanipeleka kwenye chumba kilichonuka harufu kali, kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na peremende. Mezani palikuwa na robota la kitu cheupe, laini, kinachong'aa kidogo. Mimi nilidhani ni sufi. Nikalikumbatia robota zima kifuani ili nilisogeze, kisha nikajifuta jasho shingoni kwa mkono uleule. Fundi Rajabu alikuwa amegeuka kutafuta mkasi. Alipogeuka tena, nilikuwa najikuna kama mbwa.

"Usijikune!"

Nilikuwa nimeshajikuna. Nikakimbilia bwenini, nikachemsha maji, nikajikanda kwa kitambaa cha moto. Vijana, msifanye hivyo hata siku moja. Maji ya moto huifungua ngozi, na vile vipande vidogo vinaingia ndani zaidi kujitafutia makazi. Mama Yakobo aliponikuta alisema nimerogwa, kisha akabadilisha akasema ni upupu. Fundi Rajabu akaja hadi mlangoni na ndoo ya maji baridi.

"Jimwagie tu, usisugue," akasema. "Ukimaliza, bandika selotepu kwenye ngozi na kuibandua. Vile vipande vinatoka nayo."

"Fundi, kile ni kitu gani?"

"Kioo, mwanangu."

"Kioo cha dirisha?"

"Ndugu yake."

Sikuamini. Kioo nilikijua: ukikiangusha kinavunjika, ukikikanyaga unalia. Kile kilikuwa laini kama nywele za mtoto. Kesho yake nilirudi karakanani nimevaa mikono mirefu, na nadhani Fundi Rajabu aliona usoni kwangu kwamba bado namwona mwongo, kwa sababu hakunipa kazi. Alichukua kipande cha chupa, akakishika kwa koleo, akanipa miwani ya giza, akawasha gesi ya kulehemu. Akakipasha polepole kwanza, kwa mbali, kisipasuke kwa mshtuko. Kikawa chekundu, kikalegea, kikaanza kuning'inia kama asali nzito. Ndipo akagusisha ncha ya waya kwenye kile kitone, akavuta huku akirudi nyuma haraka.

Uzi ukatoka. Alirudi kinyumenyume hadi upande wa pili wa karakana, na uzi ukawa umetanda kati ya gesi na mkono wake, mwembamba kiasi kwamba niliuona tu pale mwanga wa dirishani ulipougonga. Ukawa unaelea hewani. Aliniita niushike kwa glavu. Nikauzungusha kidoleni. Ukapinda, haukuvunjika. Mimi nikacheka kwa sauti, na yeye akacheka, na fundi wa matrekta akaja kuuliza kuna nini.

"Unene ndio unaokifanya kioo kivunjike," Fundi Rajabu akasema. "Kikiwa chembamba hivi kinajua kupinda."

Akanieleza namna viwanda vinavyofanya. Wanachukua mchanga mweupe, chokaa na madini mengine kidogo, wanayeyusha kwenye tanuru lenye joto la kutisha, hadi vinakuwa uji. Uji ule unashuka kwenye bamba la platini lililotobolewa matundu madogo sana, na kila tundu linatoa uzi mmoja. Chini yake kuna mashine inayozunguka na kuzivuta nyuzi kwa kasi kuliko gari lolote, ndiyo maana zinakuwa nyembamba kuliko unywele. Kabla hazijakutana wanazipaka majimaji maalumu, maana zikisuguana zikiwa kavu zinakatana zenyewe. Halafu zinaunganishwa kuwa uzi mmoja wa kufuma kitambaa, au zinakatwakatwa na kutandazwa ovyo kuwa mkeka, kama ule nilioukumbatia. Zikipulizwa zikawa kama pamba, zinakuwa pamba ya kioo ya kuzuia joto na baridi. Ilikuwepo juu ya dari za nyumba za mameneja, na Fundi Rajabu aliwaonea wivu kila mwezi wa saba.

Hivyo ndivyo nilivyoacha magunia. Nilijifunza kwamba nyuzi peke yake ni nguo tu. Kinachozifanya ziwe ngumu ni resini, ule utomvu mzito wa rangi ya chai. Resini inapewa kichocheo cha zambarau, inakorogwa vizuri, ndipo inatiwa hadina ili igande. Mpangilio huo msiugeuze. Kichocheo na hadina vikikutana vyenyewe bila resini katikati, vinalipuka. Fundi Rajabu aliviweka kwenye makabati mawili yaliyo kwenye kuta mbili tofauti, na funguo alizining'iniza shingoni pamoja.

Nilijifunza pia kwamba resini ina tabia kama ya binadamu. Asubuhi ya baridi ya Hanang inasinzia. Unatia hadina, unasubiri, unakunywa chai, unarudi, bado majimaji. Ikipata jua la mchana inakasirika ghafla na kuganda ndoo nzima na brashi yako ndani. Tulikuwa na brashi nyingi za namna hiyo. Tuliziegemeza mlangoni kama sanamu.

Kazi zetu zilikuwa za mashine. Mifuniko ya kombaini iliyopasuka kwa mtikisiko, boneti za trekta, paa za kebini, matangi ya dawa ya kunyunyizia. Unakwangua pale palipopasuka hadi upate nyuzi nzima, unapiga msasa, unaosha na asetoni, unapaka resini, unalaza mkeka, unaulowesha, unapitisha rola ya chuma yenye mifereji kukamua hewa. Rola ikipita vizuri inatoa mlio mdogo kama mafuta yanayokaanga. Nikiusikia ule mlio hadi leo moyo wangu unatulia.

Sasa nije kwenye kazi iliyo kubwa kuliko zote nilizofanya.

Mavuno ya mwaka mmoja yalikuwa yamekwisha, kombaini zimepumzishwa bandani, aliposhuka kwenye gari la nafaka mwanamke mmoja mwenye sare nyeupe iliyobadilika kuwa ya rangi ya ardhi. Alikuwa Nesi Tabitha, mwenyeji wa Kilimanjaro, aliyepangiwa kazi kwenye zahanati ndogo huko Yaeda Chini. Alikuwa amepanda hadi Haydom, na kutoka Haydom akaomba lifti hadi kwetu. Akasimama mbele ya Fundi Rajabu akiwa hata hajajipangusa vumbi.

"Shikamoo, fundi. Nimesikia mna matangi ya zamani ya plastiki ngumu. Naomba moja la maji."

"Marahaba. Yale ni ya dawa, nesi."

"Nitaliosha."

"Haliosheki. Dawa inaingia ndani ya ukuta wa tangi. Ukiwapa watu maji ya tangi lile, utakuwa unawatibu tena."

Nesi Tabitha akakaa juu ya gurudumu la trekta. Akatueleza. Maji ya kule bondeni yana magadi, na kisima kiko mbali. Tangi la bati walilokuwa nalo limeliwa na kutu hadi limekuwa chekecheo. La saruji lilijengwa, udongo mweusi ukavimba wakati wa mvua, likapasuka katikati. Mama anayekuja kujifungua anakuja na maji yake kichwani, na wengine uchungu unawakuta njiani na ndoo.

"Mwezi uliopita," akasema, "nilimzalisha mama nikiwa nimebakiwa na kikombe kimoja. Kikombe, fundi. Ilibidi nichague nani anawe: mimi, mama au mtoto."

Mimi nikasema bila kufikiri, "Tutengeneze jipya."

Fundi Rajabu akanitazama. "Kwa kalibu gani? Kule Tanga kalibu ya tangi ilikuwa ya chuma, imekuja na meli."

Hilo kweli lilikuwa tatizo. Faiba haisimami yenyewe ikiwa mbichi. Lazima ilazwe juu ya umbo. Nikatoka nje nikiwaza, nikaona wenzangu wa magunia wamekaa kivulini, na nyuma yao nyumba ya kufugia kuku ambayo Mama Yakobo alikuwa ameikandika kwa udongo, laini kama yai.

"Fundi," nikarudi kumwambia, "kama ni umbo tu, kwetu tunajua kukandika."

Akavuta sweta zake. Kisha akasema, "Udongo una maji, na maji ni adui wa resini. Lakini ukikauka kabisa... Mwite Mama Yakobo."

Meneja alituruhusu kutumia mikeka na resini iliyobaki msimu ule, kwa maneno haya: "Isipotumika itaharibika. Ila msiniombe nyingine, maana haipo." Na kweli haikuwepo. Shehena mpya ingekuja mwakani, mvua zingekuja kabla yake. Tulikuwa na nafasi ya tangi moja.

Mama Yakobo na wanawake wa magunia wakasuka fito juu ya mbao, umbo la kihenge kikubwa, wazi ndani. Wakakandika udongo na majivu, wakisugua kwa mawe laini, wakiimba. Tukawasha makaa ndani yake siku nyingi hadi udongo ukalia kama chungu ukiugonga. Mhandisi wa mitambo, kijana wa Iringa, akaja mwenyewe kupima mviringo na kutupigia hesabu ya unene wa kuta, akabaki kukanda udongo hadi shati lake likawa halitambuliki. Juu tukapaka saruji nyepesi, tukapiga msasa. Ikabaki nta, ya kuzuia faiba isigandane na kalibu. Nta ya dukani ilikuwa imekwisha. Tukampelekea habari Nesi Tabitha, aliyekuwa amesharudi zahanati, akatuma kutoka bondeni mzigo wa nta ya nyuki, iliyokamuliwa na Wahadzabe wanaorina asali kule. Karakana yote ilinuka asali. Nyuki wa Hanang wakaja kuuliza.

Kabla ya kuanza, Fundi Rajabu akajaribu resini kwenye kikombe. Haikuganda. Akaketi akikitazama. Hadina ilikuwa ya zamani, imechoka.

"Tukikosea kipimo," akasema mwishowe, "tutakuwa na kihenge cha udongo kilichopakwa chai."

Tukapanga vikombe mezani, kila kimoja na hadina zaidi kidogo ya kilichotangulia, tukaviangalia kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Vya mwanzo vilibaki majimaji. Cha mwisho kilipasuka kwa joto na kutoa moshi. Katikati yao kulikuwa na kimoja kilichoanza kupata moto polepole, kikawa kama ute, kikawa kama mpira, kikawa jiwe. Fundi Rajabu akakigonga mezani. Ko! Akakigonga tena. Ko! Akavua sweta moja. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kushangilia.

Tulianza jua lilipopanda na baridi kuondoka. Wanawake wa magunia walikuwa wamevaa mikono mirefu, vitambaa puani, glavu za karakana zilizowazidi vidole. Mimi nilikata mikeka, wao wakalaza na kulowesha, Fundi Rajabu akazunguka na macho yake.

"Hewa hapa! Hewa! Mama Yakobo, kamua!"

"Nakamua, Rajabu, usinipigie kelele kama mume!"

Kisha Mama Yakobo akaanzisha wimbo wa kushona magunia, na rola zote zikaingia kwenye mapigo yake. Mkeka mweupe ulipokunywa resini ulipotea, ukawa wazi kama maji, na chini yake tukaiona kalibu ya kahawia. Tabaka likapanda juu ya tabaka. Tulipomaliza, Fundi Rajabu akaweka nyuma ya kiganja ukutani. Akakiacha hapo.

"Inapata moto," akasema.

Wanawake walipiga vigelegele hadi walinzi wa ghala wakaja mbio.

Faiba ilipokomaa tukalilaza tangi ubavu, Mama Yakobo na wenzake wakaingia ndani na nyundo kuvunja udongo na fito. Waliimba humo ndani, na tangi likaikuza sauti yao. Nimesikia kwaya nyingi makanisani baada ya hapo, hakuna iliyoifikia ile. Tukakata juu yake tundu la mtu kupita, tukalaza sakafu yake juu ya saruji iliyopakwa nta, tukaiunga na ukuta kwa vipande vya mkeka, ndani na nje, tukafunga bomba la kutolea maji, tukaliacha juani likauke harufu.

Safari ya kushuka Yaeda Chini ilikuwa na tangi juu ya lori, mimi na Fundi Rajabu tumekaa ndani ya tangi kwa sababu ya upepo. Barabara ile mnaijua, au mnajua pale ilipotakiwa kuwa. Bondeni kabisa, zahanati ikiwa inaonekana kwa mbali, lori likazama kwenye mchanga wa korongo, magurudumu yakazunguka, likakaa. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Mbulu. Dereva akasema mvua ikinyesha milimani, korongo lile litajaa kabla hatujajua.

Vijana wa Kidatoga waliokuwa wanachunga karibu wakaja kututazama. Mmoja, mrefu mwenye fimbo mabegani, akaliangalia tangi kwa mashaka.

"Hiyo ni nzito?" akauliza.

"Jaribuni," Fundi Rajabu akasema.

Wakajipanga, wakatema mate mikononi, wakashika, wakainua kwa nguvu ya kuinua fahali. Tangi likaruka juu. Nusura waanguke chali. Wakalitazama, wakatazamana, wakaangua kicheko, wakaliinua tena kwa makusudi ili walione likiruka. Wakatoka nalo korongoni wakikimbia, tangi likielea juu ya vichwa vyao kama wingu la njano, na sisi nyuma na mabomba. Tulipofika zahanati tulikuwa na msafara wa watu na mbuzi, na Nesi Tabitha amesimama mlangoni, mikono kichwani. Dereva alichimba mchanga, akalitoa lori jioni kabla maji hayajashuka.

Tulikaa siku chache. Tukajenga msingi wa mawe, tukafunga mifereji ya bati kwenye paa, tukaliosha tangi kwa sabuni na maji ya kisima mara nyingi hadi Nesi Tabitha, aliyekuwa na pua kali, akaingiza kichwa na kusema hasikii kitu. Kisha tukasubiri mawingu.

Mvua ilikuja mchana, ya upepo, matone makubwa. Maji ya kwanza tukayaacha yaoshe paa na kumwagika. Ndipo Fundi Rajabu akageuza mfereji, na maji yakaingia. Tuliweka masikio ukutani kusikiliza. Nilizunguka tangi lote nikipapasa kila maungio kwa kiganja, nikitafuta unyevu, na kwa sababu mvua ilikuwa inaninyeshea nilikuwa nautafuta unyevu nikiwa nimelowa chapachapa. Fundi Rajabu alicheka hadi akashika mfereji asianguke. Maungio hayakuvuja.

Mvua ikiwa bado inanyesha, akaletwa mama wa Kidatoga kwa mkokoteni wa punda, uchungu umemshika, bibi mmoja akitembea kando. Hawakuwa na ndoo. Nesi Tabitha akamwingiza ndani, kisha akatoa kichwa mlangoni.

"Paska! Maji!"

Nikakinga ndoo. Bomba lilipofunguka maji yalitoka kwa nguvu, safi, baridi. Nikampelekea, akasema, "Nyingine." Nikampelekea, akasema, "Nyingine." Alikuwa anacheka na kulia huku ananawa mikono hadi kwenye viwiko, ananawa tena, kama mtu anayelipa miaka. Baada ya muda tukasikia mtoto.

Alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi. Nesi Tabitha alimwogesha kwenye beseni lililojaa pomoni. Alitoka naye amefunikwa kanga, akampitisha kwa bibi yake, kisha bila kuuliza akamweka mikononi mwa Fundi Rajabu. Mzee yule akavua sweta ya pili, akamzungushia mtoto.

Nikamkingia bibi kikombe cha maji, maana alikuwa ametembea tangu asubuhi. Akanywa funda moja. Akakunja uso. Akalitazama tangi, akanitazama mimi, akasema kitu kwa lugha yake, na wale vijana waliobeba tangi wakaanza kucheka.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema maji yenu hayana ladha," yule mrefu akanijibu. "Amezoea magadi. Anasema haya ni kama kunywa hewa."

Fundi Rajabu, mtoto kifuani, akasema kwa upole, "Mwambie bibi atuwie radhi."

Bibi akamaliza yote yaliyobaki kikombeni, akanyoosha mkono, aongezewe.